Volyumu inakwaruza? Weka chini hiyo WD-40

Ushauri wa mtaani ni ule ule: amplifaya ikikwaruza, chomoa nobu, puliza WD-40 (lile kopo la mafuta ya kupuliza) kwenye mhimili, zungusha, kwisha kazi. Jamani, hapana! Dawa hiyo ilitengenezwa kufukuza maji kwenye chuma. Ukiipuliza hapo inayeyusha ile grisi nzito inayofanya nobu izunguke taratibu, inaishusha hadi kwenye njia ya kaboni, ule ukanda ndani ya volyumu unaopandisha na kushusha sauti. Kelele inatulia kwa muda, halafu mafuta yanakamata vumbi na mkwaruzo unarudi na tope lake.

Tafuta dawa ya kusafishia kontakti, inayoacha kilainisho kidogo na isiyodhuru plastiki. Chomoa waya ukutani, fungua kava, pima kapasita kubwa za pawa (vile vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya kuzima) kwa mita hadi zishuke chini ya volti 2. Volyumu ya stereo ina miguu 6, safu mbili za mitatu. Juu ya miguu kuna upenyo mwembamba: ingiza mrija hapo, puliza kidogo mara moja kila safu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Acha ikauke nusu saa.

Sasa linaloniudhi zaidi. Si kila mkwaruzo ni uchafu. Washa bila muziki, mkono mbali na upande wa umeme wa ukutani, pima DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kati ya graundi na mguu wa kati, kisha mguu wa kuingizia sauti. Mita inatakiwa isome karibu na sufuri. Ukikuta makumi ya milivolti, mara nyingi ni kapasita ya jirani inayovujisha. Hapo utasafisha hadi kopo liishe. Badilisha kapasita.

Na kaboni ikishalika, dawa haiirudishi. Hata kazi iliyofanywa vizuri siwezi kuiahidi mwaka, hasa kwa nyumba za Kigamboni na Msasani, ambako hewa ya chumvi inachafua kile kidole cha chuma kinachopita juu ya kaboni.

Ukinunua mpya Kariakoo, soma herufi. Kwenye nyingi za kutoka Asia, A50K ni ya sauti, B50K ni ya kupanda kwa mstari ulionyooka. Ukifunga B50K, sauti inapaa karibu yote robo ya kwanza ya mzunguko, na mtu atalaumu spika.

Nobu inayozunguka bila kikomo haina njia ya kaboni. Ile ni enkoda, inayohesabu mizunguko tu: namba za sauti kwenye kioo zikirukaruka, safisha kontakti zake au ibadilishe.