"Fundi, FreeBSD imekataa": dhana potofu kuhusu skrini isiyo na madirisha

Wiki hii nimeletewa kompyuta mpakato ya nne. Mwenyewe ameshasakinisha FreeBSD 14, mfumo endeshi kama ilivyo Windows au Linux, mara tatu, na wimbo ni uleule: "Fundi, imekataa." Naiwasha, naona maandishi meupe na neno login: linasubiri. Ndugu yangu, hiyo haijakataa. Imemaliza!

Dhana: Nisipoona madirisha na kipanya, usakinishaji umeharibika, nianze upya.

Ukweli: Kisakinishi cha FreeBSD 14 kinakuwekea mfumo wenyewe tu. Madirisha ni kazi ya X, programu inayojitegemea iliyoanzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na unaiongeza wewe. Rudia mara kumi, utafika palepale mara kumi. Ingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, uandike pkg install xorg drm-kmod: xorg ndiyo X, drm-kmod ni draiva za kadi ya picha. Kisha draiva hiyo ipakiwe kila mashine inapowaka: sysrc kld_list+=i915kms kwa Intel, amdgpu kwa AMD za karibuni. Halafu mtie mtumiaji wako kwenye kundi la video: pw groupmod video -m, ikifuatwa na jina lake. Hapo ndipo wengi wanaporuka, kisha wananipigia simu usiku.

Washa upya, ingia kwa jina lako, andika startx. Ikigoma, flashi ya kusakinishia iache mfukoni. Rudi kwenye maandishi kwa Ctrl+Alt+F2, fungua /var/log/Xorg.0.log, tafuta mistari yenye EE. Hayo ndiyo makosa. WW ni maonyo, yapite. Ukikuta "no screens found", anza kwa kukagua draiva: kldstat itakuonyesha kama imepakiwa. Na ukiona vidirisha vichache vya kizamani vyenye sura mbaya, umefaulu! Hiyo ni twm, programu sahili ya kupanga madirisha. Sasa sakinisha Xfce, mazingira kamili yenye menyu na ikoni, upendeze.

Dhana: Lazima niandike xorg.conf, faili la mipangilio ya X.

Hapana. X inajitambulia vifaa yenyewe. Faili ulilonakili kutoka mwongozo wa zamani lifute.

Dhana: Nikiendesha kama root inakubali, basi nitabaki na root.

Usithubutu. Root anapita popote, kwa hiyo kukubali kwake kunakuambia tatizo ni ruhusa. Rudi kwenye lile kundi la video.

Dhana: Kadi ya picha ni mbovu, ninunue nyingine.

Kama kompyuta ni ya mezani, chungulia nyuma yake kwanza. Juzi nilikuta kebo ya skrini imechomekwa kwenye ubao mama, na kadi iko chini yake, tundu tupu.