Mawasiliano bila saa ya pamoja: nini hasa hupotea?

Mwaka 1948 Claude Shannon, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba kila chaneli, yaani njia ya mawasiliano, ina kiwango cha juu cha taarifa inachoweza kupitisha kwa uhakika, hata kama ina kelele, yaani usumbufu unaoharibu ishara. Kiwango hicho ndicho uwezo wa chaneli. Ndani ya hesabu zake kuna jambo linalochukuliwa kuwa limeshapatikana: mpokeaji anajua ujumbe umeanza lini, na anapopokea biti (alama ya 0 au 1) ya kumi anajua kweli ni ya kumi.

Mawasiliano bila saa ya pamoja ni yale ambayo uhakika huo haupo. Huenda mpokeaji hajui ujumbe utaanza lini, au anapoteza hesabu katikati yake, au watumaji ni wengi na kila mmoja anafuata saa yake. Watu huziweka hali hizi zote kapu moja na kuziona kazi ya fundi wa kurekebisha saa. Nadharia ya taarifa, yaani fani ya hesabu hizo za Shannon, inasema vingine: gharama zake hazifanani hata kidogo. Hali moja hula sehemu kubwa ya uwezo, nyingine haili kitu.

Kupoteza hesabu katikati ndiko kugumu zaidi. Saa ya kipokezi ikikimbia kuliko ya kitumaji, biti moja husomwa mara mbili. Ikichelewa, biti nyingine hurukwa. Hapo inabidi tutofautishe biti iliyofutika na biti iliyodondoka. Iliyofutika huacha pengo linaloonekana. Iliyodondoka ni kama ushanga uliochomoka kwenye uzi na shanga nyingine zikasogea: hujui ulikuwa wapi.

Tuseme limetumwa neno 11100. Biti ya nne ikifutika, mpokeaji anaona 111?0, na yanabaki maneno mawili tu yanayowezekana. Biti hiyohiyo ikidondoka, anaona 1110. Sasa neno la awali laweza kuwa 01110, 10110, 11010, 11100, 11110 au 11101. Ni biti moja tu iliyopotea, lakini mashaka yamekuwa mara tatu.

Tiba yake ni nzuri mno. Zipe nafasi za biti namba 1 hadi 5, ujumlishe namba za nafasi zenye 1, kisha mkubaliane kutumia tu maneno ambayo jumla yake inagawanyika kwa 6. Kwa yale maneno sita hapo juu, jumla ni 9, 8, 7, 6, 10 na 11. Ni 11100 peke yake linalopita, na mpokeaji amelipata bila kujua biti ipi ilidondoka. Msimbo huu, yaani orodha hii ya maneno yaliyokubaliwa, uliandikwa na Varshamov na Tenengolts katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1965 kwa ajili ya kosa la aina nyingine. Vladimir Levenshtein ndiye aliyeonyesha kwamba unatibu pia mdondoko mmoja. Bei yake inaonekana wazi: kati ya maneno 32 ya biti tano, yanayoruhusiwa ni 6.

Biti zikidondoka moja moja kwa bahati nasibu kwenye ujumbe mrefu, mambo hugeuka fumbo. Kwa chaneli inayofuta biti kwa uwezekano p, uwezo ni 1 − p, basi. Kwa chaneli inayodondosha, Roland Dobrushin alithibitisha mwaka 1967 kwamba uwezo upo, ila kanuni ya kuuhesabu haijapatikana mpaka leo. Mwaka 2006 watafiti Mitzenmacher na Drinea walionyesha kwamba haushuki chini ya moja ya tisa ya 1 − p. Kwangu hili ni mojawapo ya maswali mazuri zaidi yaliyobaki wazi katika fani hii, na si la vitabuni tu: wanaohifadhi data ndani ya DNA hukutana nalo, kwa kuwa herufi hurukwa wakati wa kuitengeneza na kuisoma.

Kutojua ujumbe unaanza lini ni kwepesi kuliko hapo. Mtumaji hutanguliza mfuatano maalumu wa biti, kama ule wa mtafiti Barker wa biti 13, 1111100110101, uliotokana na kazi yake ya mwaka 1953. Ukihesabu 1 kama +1 na 0 kama −1, kisha ukaulinganisha na nakala yake, unapata 13 vikikaa sawasawa. Ukiusogeza hata nafasi moja, hupati zaidi ya 1. Mwaka 2009 watafiti Tchamkerten, Chandar na Wornell walionyesha kwamba muda ambao mpokeaji anaweza kukesha akisubiri unaweza kukua kwa kipeo, yaani kuzidishwa tena na tena, kadiri ujumbe unavyorefuka, na bado akaupata kwa uhakika. Upo mpaka unaotegemea chaneli yenyewe, na ukivukwa hakuna msimbo utakaosaidia.

Wanabaki watumaji wengi wasio na saa moja. Mtandao wa redio wa ALOHA, ulioongozwa na Norman Abramson huko Hawaii, ulianza kazi mwaka 1971 kwa kanuni rahisi: ukiwa na pakiti (kifurushi kidogo cha data), itume, ikigongana na nyingine, rudia baadaye. Sehemu ya muda inayotumika vyema haizidi asilimia 18.4. Wote wakianza kutuma kwa vipande vya muda vilivyopangwa, inapanda maradufu hadi 36.8, na ndivyo simu ya mkononi ya mfumo wa GSM inavyoomba nafasi kwenye mnara. Kwa hiyo ilionekana kwamba kukosa saa ya pamoja kunagharimu nusu.

Mwaka 1985 watafiti Massey na Mathys waliipindua hesabu hiyo. Kila mtumaji akipewa mfuatano wake wa kutuma na kunyamaza, uliobuniwa ili pakiti zake kadhaa zipite salama vyovyote saa zinavyopishana, pakiti zilizogongana huhesabiwa kuwa zimefutika na msimbo huzirudisha. Watumaji wakiwa wengi, jumla yao inakaribia asilimia ileile 36.8, bila saa ya pamoja na bila mpokeaji kuwajibu chochote.