Bakuli la baga bila mkate: nani ashike zamu ya mkate?

Ukitoa mkate kwenye baga ukamwaga vilivyobaki kwenye bakuli, utakula saladi yenye nyama ya chumvi kali juu na dimbwi la maji ya rangi ya waridi chini. Nyama haina kosa, wala mboga. Mkate ndio uliokuwa ukinywa mchuzi wa nyama na maji ya nyanya, na ndio uliokuwa ukituliza chumvi ya jibini na ukali wa matango ya siki. Umeondoka, na hakuna aliyeshika zamu yake. Ndiyo maana vipimo ninavyotoa hapa si vile vya baga ya kawaida. Vinatosha watu wanne.

Nianze na bucha, maana mabakuli mengi huharibikia hapo. Ukiagiza nyama ya kusaga bila maelezo, mara nyingi utapewa steki tupu au vipande vyenye mishipa mingi. Steki ya ng'ombe aliyekula majani maisha yake yote haina mafuta ya kutosha. Ikiiva huwa punjepunje na kavu, ikakwama kooni. Mwombe muuza nyama akupimie gramu 500 za steki na gramu 100 za mafuta meupe ya kidari, asage pamoja, mara moja tu, kwa tundu pana. Mafuta ya figo yakwepe kwa chakula hiki: huganda upesi, na bakuli likianza kupoa huacha utando kwenye kaakaa. Nyama iliyosagwa mara mbili inafaa kababu, lakini hapa itashikana kama uji.

Chumvi isiguse nyama mpaka kikaango kiwe tayari. Ukiichanganya mapema, chumvi huyeyusha sehemu ya protini, nazo zikipata moto hushikana. Unapata soseji, ngumu na yenye kudunda chini ya jino. Kwa baga ya mkate ningetia gramu 8 au 9 kwenye nyama hii. Kwa bakuli naweka 6, yaani kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu. Jibini, matango na sosi vina chumvi yake, na hakuna tena mkate wa kuipunguza makali.

Matango yatangulie kwa sababu yanataka muda. Kata tango moja, kama gramu 300, vipande vyembamba vya milimita 3. Chemsha mililita 120 za siki nyeupe na maji kiasi hichohicho, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sukari, kisha mwagia yangali moto. Baada ya nusu saa yanaliwa. Yakilala kwenye friji ni matamu zaidi. Usimwage siki yake, tutaihitaji.

Anayeshika zamu ya mkate ni kiazi. Menya gramu 600, kata vipande vya sentimita 2, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 7 au 8, mpaka pembe zilainike na katikati bado pashikilie kisu kidogo. Mwaga maji, acha viazi dakika 5 bila kifuniko mvuke uondoke, halafu funika na utikise sufuria mara tatu nne kwa nguvu. Vitoke vimechubuka, na unga mweupe umejipaka pembeni. Unga huo ndio unaokauka ukawa gamba, na mianya yake ndiyo itakayonywa mchuzi. Ukiruka hatua ya kukausha mvuke, viazi vitanyonya mafuta ya kukaangia badala ya mchuzi wa nyama. Kwenye oveni, nyuzi 220 na vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, huchukua dakika 35 hadi 40, ukivigeuza mara moja. Kwenye kikaango, moto wa wastani, kama dakika 15, na usivichokonoe kila mara.

Wali haufai kazi hii: hunywa mchuzi, ndiyo, lakini hushikana na sosi ukawa bonge. Viazi vitamu vinawezekana ukipunguza tomato sosi kwa nusu, la sivyo bakuli zima litakuwa na utamu wa kuchosha. Ndizi mbichi zilizochemshwa kisha zikakaangwa ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Na kwa anayeepuka wanga, biringanya ndiyo dawa: kata vipande vya sentimita 3, nyunyiza chumvi, ngoja dakika 20, suuza, kamua kwa kitambaa, kaanga. Nyama yake ya ndani ni sifongo kamili.

Sosi ya baga huwa nzito ili isitiririke nje ya mkate. Kwenye bakuli uzito huo ni tatizo: inabaki bonge juu ya jani moja na majani mengine yanakaa makavu. Koroga vijiko vikubwa 8 vya mayonezi, 2 vya tomato sosi, 1 cha haradali, 2 vya matango ya siki yaliyokatwa punje ndogo, kijiko cha chai cha kitunguu maji kilichokunwa na nusu kijiko cha chai cha paprika. Kisha ilegeze kwa siki ya matango, kijiko kikubwa kimoja kwanza, halafu cha pili ukihitaji. Inua kijiko: sosi ishuke kama utepe usiokatika. Ikidondoka matone, umezidisha, ongeza mayonezi. Ikae kwenye friji nusu saa, kitunguu kipoteze ukali wa ubichi.

Majani: gramu 200 za kabichi iliyokatwa nyembamba sana na gramu 100 za letusi. Letusi peke yake hunyong'onyea chini ya nyama ya moto ndani ya dakika mbili, kabichi hustahimili. Yaoshe mapema, yakaushe kabisa kwa kitambaa safi. Sosi haishiki jani lenye maji. Nyanya 3 zikate, toa mbegu, nyunyiza chumvi kidogo na uziache kwenye chujio dakika 10. Utaona maji yanayodondoka chini yake. Hayo ndiyo yangekuwa dimbwi.

Sasa nyama, na hapa usikimbie. Kikaango kiwe cha chuma kizito, cha sentimita 28 hivi, kipate moto mkali dakika 3 hadi 4 kikiwa kitupu. Tone la maji likidondoshwa litoweke mara moja kwa kelele. Kikaango kisichonata hakifai kupashwa moto kikiwa kitupu namna hii. Kwenye jiko la mkaa, ngoja mkaa wote uwe mwekundu. Pika kwa mikupuo miwili ya gramu 300. Ukitia zote pamoja, kikaango hupoa na maji ya nyama hujaa chini. Maji hayavuki nyuzi 100, na ule wekundu wa kuungua vizuri wenye harufu ya baga huanza karibu na nyuzi 140. Nyama iliyozama kwenye maji yake inachemka, ndiyo maana inatoka ya kijivu. Ikiwa ilikuwa imegandishwa, iyeyushe ndani ya friji na uikaushe kwa karatasi ya jikoni kwanza.

Tia kijiko cha chai cha mafuta, weka nyama, ibane kwa mwiko bapa iwe kama chapati nene ya sentimita moja na nusu. Nyunyiza nusu ya chumvi na pilipili manga. Usiiguse dakika 3. Ukingo ukigeuka kahawia na mwiko ukipita chini bila kung'ang'ania, tandaza juu vipande vyembamba sana vya nusu kitunguu maji, katakata chapati hiyo robo nne na ugeuze, kitunguu kikae chini. Huo ni mtindo wa El Reno, Oklahoma, kule Marekani, na kitunguu kinaiva kwa mafuta ya nyama. Baada ya dakika 2 vunja vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Ukivisaga vidogo zaidi vitakauka na kuzama chini ya bakuli, na gamba ulilolisubiri litapotea. Ndani ifike nyuzi 71, kwa kuwa kusaga huingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama. Kipimajoto ni bora kuliko kuangalia rangi.

Mkupuo wa pili ukiiva, rudisha wa kwanza, zima moto, nyunyiza gramu 80 za chedda au gouda uliyoikuna mwenyewe, tia kijiko kikubwa cha maji pembeni na ufunike sekunde 40. Mvuke huyeyusha jibini bila kuitenganisha mafuta. Jibini iliyouzwa ikiwa imekunwa hupakwa wanga isishikane, hivyo huyeyuka kwa shida.

Kupanga bakuli: kabichi na letusi upande mmoja, viazi upande wa pili, na nyama juu ya viazi, kamwe si juu ya majani. Kwangua mchuzi wote uliobaki kwenye kikaango, umwagie viazi. Nyanya na matango yakae juu ya majani, sosi mwisho, vijiko viwili kwa kila mtu. Kila mlaji achanganye mwenyewe akiwa mezani.

Kikibaki, hifadhi kila kitu chombo chake ndani ya friji. Nyama na viazi ni vya siku 3, na vipashe kwenye kikaango kikavu. Matango hukaa wiki mbili yakiwa yamezama kwenye siki yake. Majani yaliyokwisha kupakwa sosi hayalali.