Mifumo Endeshi Miwili Haigawani RAM

Dhana ambayo wateja huniletea karibu kila wiki ni kwamba ukiweka Linux kando ya Windows katika kompyuta moja, mifumo hiyo itagawana RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kompyuta itakuwa nzito. Ukweli ni kwamba hufanya kazi kwa zamu. Kompyuta inapowaka, orodha ya GRUB, programu ndogo ya kuchagulia mfumo wa kuwasha, hujitokeza, mtumiaji huchagua, na mfumo uliochaguliwa hukabidhiwa prosesa na RAM yote, ilhali ule mwingine hubaki kuwa mafaili yaliyolala kwenye diski. Mwenye GB 8 za RAM atazikuta akiwa Linux, na akiwasha upya na kuingia Windows atazikuta zilezile.

Nadhani mkanganyiko umetokana na VirtualBox na programu za aina yake, ambazo huendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine: huko, ukiutengea mfumo mgeni GB 4 kati ya 8, mwenyeji hubakiwa na 4. Kinachogawanywa katika mpangilio tunaouzungumzia ni diski. Mtu akiimega sehemu ya Windows mpaka ikakosa nafasi ya kupumulia, itasuasua kweli, lakini hapo alaumu mgawanyo wake, asiisingizie Linux. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hupendekeza GB 25. Mimi hutenga 60, na sigusi sehemu ya Windows kabla ya kunakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, hata mwenye kompyuta anihimize vipi.

Wanaodai kwamba Secure Boot (kinga inayozuia kompyuta kuwaka kwa programu isiyoidhinishwa) lazima izimwe wamepitwa na wakati, kwani Ubuntu huwaka nayo bila shida. Saa inayopotea kila unapohama mfumo pia si dalili ya betri iliyokufa: Windows huisoma saa ya kompyuta kama saa za mahali ulipo, Linux huisoma kama UTC, yaani saa rasmi ya dunia.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuiondoa Linux ni kufuta sehemu yake ya diski tu, kisha wakiwasha kompyuta wanakutana na skrini nyeusi ya GRUB na kulia kwamba Windows imekufa. Haijafa. GRUB inatafuta mafaili yake yaliyofutwa. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), upandishe Windows Boot Manager iwe ya kwanza, na Windows itawaka.