Kutafuta kimeng'enya cha MMP-9 kwa kingamwili: maswali na majibu

MMP-9 ni nini, na saratani inaingiaje hapo?

Ni proteasi, yaani kimeng'enya kinachokata protini nyingine, na hakifanyi kazi bila zinki. Kina kazi zake halali mwilini, kama vile kusaidia kidonda kupona. Kwenye uvimbe wa saratani hukata kolajeni ya aina ya IV iliyo katika utando wa chini ya seli, na seli za saratani hupata mwanya wa kupenya. Seli hukitoa kikiwa kimefungwa: kipande cha mbele hufunika mahali pa kukatia, na kikiondolewa ndipo makali yanapofunguka. Kwa binadamu, kilichofungwa kina uzito wa takriban kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 92, kilichofunguka takriban 82. Shika namba hizo mbili, utazihitaji kwenye westani bloti, njia ya kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili.

Sampuli nichukue kwenye seli au kwenye maji ya kuoteshea seli?

Anza na maji. MMP-9 hutolewa nje, kwa hiyo anayepasua seli peke yake mara nyingi huambulia kidogo. Ila seramu ya ndama ina vimeng'enya vya jamii hii, na ina albumini nyingi inayovuruga jeli. Osha seli mara mbili, ziache saa 24 kwenye maji yasiyo na seramu, kisha yakusanye na uyazungushe kwenye mashinepewa (sentrifuji) kuondoa mabaki ya seli. Yapunguze hadi sehemu moja ya kumi kwa kichujio cha kilodaltoni 30. Aktini, protini ambayo wengi huilinganishia wingi wa sampuli, haifai hapa, kwa sababu hukaa ndani ya seli. Hesabu seli zilizobaki kwenye sahani, au, baada ya kuhamisha protini, paka utando wa bloti rangi ya Ponceau S uone protini yote.

Hatua za westani bloti ni zipi?

Chemsha sampuli nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 5 pamoja na SDS (sabuni inayokunjua protini) na DTT (kemikali inayokata vifungo vya salfa kati ya protini). Weka mikrogramu 20 hadi 30 za protini katika kila kishimo cha jeli ya asilimia 8. Lowesha utando wa PVDF (aina ya plastiki) kwenye methanoli, la sivyo haushiki kitu, kisha hamisha protini kwa volti 100, dakika 90, ndani ya barafu. Ziba utando saa moja kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, kwenye bafa yenye Tween 20 (sabuni laini) asilimia 0.1. Kingamwili ya kwanza izimuliwe 1:1000 kwa kuanzia, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Weka kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na kubeba peroksidasi (kimeng'enya cha kutoa mwanga), 1:5000, saa moja. Osha tena vivyo hivyo, ongeza kimiminika cha kutoa mwanga, piga picha.

Utando umekuwa mweusi wote, au mtupu kabisa. Nimekosea wapi?

Weusi kwa kawaida ni kingamwili nyingi mno au uoshaji wa haraka. Zimua kingamwili ya pili hadi 1:10,000 kabla ya kugusa kitu kingine. Utando ukiwa mtupu, tazama Ponceau S kwanza: kama protini haikuhama, usiilaumu kingamwili. Angalia pia kama kuna azidi ya sodiamu kwenye bafa. Huwekwa kuzuia ukungu, lakini huua peroksidasi, na kazi ya siku mbili ikapotea.

Naona mistari minne. Upi ni wa kweli?

Huenda zaidi ya mmoja. Jua kwanza kingamwili yako inashika sehemu gani: ile inayoshika kipande cha mbele haitaona kabisa umbo lililofunguka. Ukisahau kuweka DTT, jozi ya MMP-9 iliyoungana hutokea karibu na kilodaltoni 220, na MMP-9 iliyoshikana na protini ya neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) karibu na 130. Ndani ya seli pia kuna umbo la takriban 85 ambalo halijakamilishwa sukari zake. Wengi huliita umbo lililofunguka na kuandika hitimisho lisilo sahihi. Ya panya huwa karibu na 105, kwa hiyo usiitafute kwenye 92.

Ushahidi thabiti ni seli zilizozimwa jeni ya MMP-9. Mstari ukibaki palepale, kingamwili yako inashika kitu kingine. Upande wa pili weka seli za HT-1080 (seli za saratani ya binadamu za maabara) zilizochochewa kwa PMA, kemikali ya kuamsha seli, ambazo hutoa MMP-9 kwa wingi. Tunasisitiza jambo hili kwa moyo wote: maelezo ya muuzaji hayatoshi.

Mstari upo. Je, kimeng'enya kinafanya kazi?

Kingamwili haijui. Huona umbo tu, na kimeng'enya kilichofunguka kinaweza kuwa kimeshikwa na kizuizi chake cha asili, TIMP-1. Fanya zaimografia, jaribio linaloonyesha kimeng'enya kikikata chakula chake ndani ya jeli, sambamba: jeli yenye jelatini asilimia 0.1, sampuli isiyochemshwa wala kuwekwa DTT. Ondoa SDS kwa sabuni ya Triton X-100 asilimia 2.5, acha usiku kucha nyuzi 37 kwenye bafa yenye kalsiamu, paka rangi ya Coomassie. Palipokatwa jelatini patabaki peupe kwenye buluu. Usiweke EDTA popote, kwa sababu hunasa zinki na kalsiamu. Hata hapa SDS hufungua kimeng'enya kilichofungwa, hivyo mstari wa 92 nao utang'aa. Soma uzito, si weupe peke yake.

Naweza kuipima kwenye damu?

Kwa ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani yenye vishimo), ndiyo, lakini tumia plazima, maji ya damu isiyoachwa igande. Damu ikiganda, chembe zake humwaga MMP-9, na seramu, maji yanayobaki baada ya kuganda, husoma juu kuliko hali halisi. Tenganisha plazima mapema na sampuli zote zikae muda uleule kabla ya kuzungushwa. Namba itakayotoka haimwambii mtu kama ana saratani, kwa kuwa maambukizi na uvimbe wa viungo pia huipandisha.