Wavunjao makaburi ya mawalii: maneno ya barazani na ukweli wake

Ikizunguka kwenye simu picha ya msikiti au sanamu lililolipuliwa, maneno ya barazani huku Unguja huwa yale yale. Mengine yana nusu ya ukweli, mengine hayana hata robo.

"Hivi ni vita vya Waislamu na dini nyengine." Watu huziangalia sanamu za Buddha za Bamiyan, Afghanistan, zilizolipuliwa na Taliban Machi 2001, wakadhani hadithi imeishia hapo. Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012, yaliyovunjwa kwa sururu ni makaburi ya mawalii wa Kiislamu. Ahmad al-Faqi al-Mahdi, aliyesimamia uvunjaji huo na kuhukumiwa kifungo cha miaka 9 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, si mgeni. Ni mzaliwa wa eneo hilo hilo. Msikiti wa al-Nuri wa Mosul, Iraq, wenye mnara uliopinda, ulilipuliwa na Daesh, kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu, Juni 2017.

Lipo na la karibu zaidi nasi. Zikri ya tarika ya Kadiria, ile ya kusimama safu na kuvuta pumzi za kifuani, ilisambazwa Unguja na Sheikh Uways wa Barawa, aliyekuja enzi za Sayyid Barghash. Mwaka 1909 aliuliwa huko kwao Somalia, na waliomuua si makafiri bali wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, kiongozi wa jihadi wa Kisomali, waliokuwa wakigombana na Sheikh Uways, pamoja na mengine, juu ya tawasuli, yaani kumuomba Mungu kwa kupitia mawalii. Karne moja baadaye al-Shabaab wakaja kuvunja makaburi ya mashehe wa tarika kusini ya nchi hiyo hiyo.

"Dini imeamrisha magofu yafutwe." Ubishi wa kujengea makaburi na kuyazuru upo, ni wa kifiqhi, na wala si aibu kuutaja. Lakini kubishana msikitini ni jambo moja, kubeba baruti ni jengine. Misri iliingia mikononi mwa Waislamu karne ya 7 na mapiramidi yapo. Taliban walipotangaza azma yao, ujumbe wa wanazuoni, akiwamo Yusuf al-Qaradawi, ulikwenda kuwasihi, hawakusikia. Kurani inawaambia watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Watatazama nini pakishasawazishwa?

"Zanzibar hayo hayafiki." Yalishafika. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto katika ghasia. Novemba mwaka ule Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 Padri Evarist Mushi akauliwa kwa risasi akiwasili kusalisha misa. Ila na upande wa pili usemwe: mashehe wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walisota rumande kwa miaka, kisha kesi yao ya ugaidi ikafutwa Juni 2021. Kumwita gaidi kila mwenye ndevu na sauti kali nako ni dhana potofu, tena yenye madhara.

"Mji Mkongwe utamalizwa na wenye siasa kali." Mpaka sasa mvua na saruji zimewapita mbali. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu. Fundi akiupiga plasta ya saruji, maji hukwama ndani, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza taratibu huku nje rangi ikimeremeta. Mwenye nyumba hujiona ametengeneza. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, wakafa watu wawili. Hapakuwa na bomu wala fatwa.

Kizimkazi Dimbani, kwa upande wake, upo msikiti ulioezekwa bati ambao mpita njia anaweza asiutazame mara mbili. Ndani, kwenye kibla, maandishi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu wanasali humo hadi leo, na nje yapo makaburi ya zamani ambayo hakuna aliyeyagusa kwa sururu.