Je, Wajua Kwa Nini Piano Husikika Kama Inaimba?

Kijana wa umri wa shule ya upili anapomaliza kupiga muziki wa Chopin katika ukumbi wowote wa Nairobi, haikosi wasikilizaji kutoka wakisema kwamba ameiimbisha piano. Sifa hiyo ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaoitoa. Mwimbaji au mpiga fidla anaweza kuikuza sauti baada ya kuianzisha, ilhali sauti ya piano huanza kufifia papo hapo inapotoka.

Sababu imo ndani ya sanduku. Kibonyezo, mojawapo ya vile 88, hushuka kwa takriban sentimita 1 tu, na mitambo ya mbao huirusha nyundo ndogo iliyovishwa sufu iliyoshindiliwa kuelekea kwenye nyuzi za chuma. Kabla ya kuugusa uzi, nyundo huachiliwa, ikamalizia safari peke yake. Utaratibu huo umo tangu piano za Bartolomeo Cristofori, fundi wa Italia aliyeibuni ala hii karibu na mwaka 1700, na bila huo nyundo ingeng'ang'ania uzi na kuunyamazisha. Kwa hiyo, kidole kikiendelea kukandamiza, hata mpigaji akifumba macho kwa hisia, hakiongezi chochote kwenye sauti iliyokwisha kutoka.

Kinachosikika kama kuimba, basi, ni hila ya masikio. Mpigaji stadi husikiliza sauti ya kwanza imefifia kiasi gani, kisha huipiga ya pili kwa nguvu inayolingana na masalio hayo, ili mbili hizo ziungane. Papo hapo, kidole kinachobeba wimbo hupewa uzito zaidi kuliko vingine vya mkono uleule. Na kwa kuwa nyundo yake huenda kasi zaidi, hutangulia kufika, mara nyingi kwa sehemu 20 hadi 30 kati ya elfu moja za sekunde. Msikilizaji hatambui kutangulia huko, bali huusikia wimbo ukijitenga na sauti zinazousindikiza.

Mguu nao una kazi yake. Kikanyagio cha kulia huviinua vizuizi vyote vya sauti, hata nyuzi zisizopigwa zikaitikia. Mpigaji hukiachia pale tu sauti mpya zinapolia, kisha hukikanyaga tena mara moja. Akichelewa, sauti za zamani huzitia ukungu zile mpya. Katika jengo la mawe lenye mwangwi, kama kanisa la All Saints Cathedral la Nairobi, hukibadilisha mara nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kumstaajabia kijana, kwani vidole vyepesi hupatikana mapema, lakini masikio ya namna hii ni adimu hata miongoni mwa waliofaulu mtihani wa piano wa gredi ya 8, ambayo ndiyo gredi ya juu kabisa.

Hata hivyo, si sifa zote zinazotoka masikioni. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuwatambua washindi wa mashindano ya muziki: waliotazama video zisizo na sauti waliwatambua vizuri zaidi kuliko waliosikiliza sauti pekee, na miongoni mwa waliopimwa walikuwamo wanamuziki wenye taaluma, ambao karibu wote walikuwa wamesema kwamba sauti ndiyo wanayoitegemea.